Kutoka Shusha Hadi Sahani Moja

Enzi zetu, ninyi mliokulia Uvira mnakumbuka, hakuna mtoto aliyetumwa kwa kutajiwa avenue na namba ya nyumba. Uliambiwa hivi: panda mpaka Shusha, ukifika Mama Alikataa usishike njia ya kushoto, endelea mpaka Radio Ilizimika, halafu uulize hapo. Na ulifika. Ukichelewa kurudi, katika kila mojawapo ya sehemu hizo palikuwa na mtu mzima ambaye jioni angemweleza mama yako ulisimama na nani, mlicheka nini, na chumvi uliyotumwa uliishika kwa mkono gani.

Sisi tulikaa juu kidogo ya Rugenge, pale mtaa unapoanza kubanwa na mlima, nyumba nane kando ya kijito. Kwetu paliitwa Sahani Moja. Koko, mama yake baba, ndiye aliyekuwa mlinzi wa majina hayo yote. Kila asubuhi aliposhuka ziwani kununua ndagala, dagaa wa ziwa letu, alitufuatisha, mimi na mdogo wangu Riziki, na kila mahali, au kila fasi kama alivyosema yeye, alisimama. Hukuruhusiwa kupita mpaka uwe umesema paliitwaje na kwa nini. Aliyesahau ndiye aliyebeba beseni wakati wa kupanda, na beseni la ndagala mbichi kwenye mlima ule, jamani, lilikufundisha kuliko fimbo.

Shusha ni pale akina mama waliotoka milimani na mihogo na makaa walipotua mizigo yao, wakiwaomba wapita njia wawasaidie kushusha. Mama Alikataa ni pale mama mmoja alipokaa chini katikati ya njia siku ya harusi ya binti yake, akakataa msafara usipite mpaka wakwe waongeze mbuzi wa shangazi. Koko alisema alikaa tangu misa ilipoisha hadi jua la utosi, na bwana harusi alitokwa na jasho mpaka koti likabadilika rangi. Mbuzi aliletwa. Radio Ilizimika ni kwenye kibanda cha fundi baiskeli, ambapo wanaume walikusanyika kusikiliza habari za vita. Mtangazaji alisema, "Askari wameingia katika mji wa..." na betri zikaisha hapo hapo. Siku tatu nzima watu walibishana ni mji gani, na wawili wakaacha kusalimiana kabisa.

Sahani Moja palipata jina lake kabla sijazaliwa, kijito kilipofurika na kuchukua majiko yote. Nyumba nane zikabaki na sahani moja ya bati. Watoto walikula kwanza, wakaiosha kwenye maji yale yale yaliyowaibia, halafu wakubwa. Zaidi ya wiki mbili hivyo, na Koko aliapa kwamba hakuna aliyelala njaa wala aliyegombana.

Riziki aliyajua yote hayo akiwa na miaka mitano, kabla hajajua kutofautisha kiatu cha kulia na cha kushoto, na viatu vyenyewe vilikuwa vyangu vya zamani. Alikuwa anayaimba. Tukiruka kamba, tukiteleza mtelemkoni juu ya magome ya mgomba, tukitafuna miwa ya Kiliba mpaka ndimi zinachanika, yeye aliendelea tu na wimbo wake wa majina. Jioni tulikula ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo, yenye mawese, na siku ya bahati samaki wa mukeke wa kuchoma, huku taa za Bujumbura zikiwaka ng'ambo ya ziwa, naye mdomo umejaa bado anamsahihisha mama yetu kwamba betri hazikuisha usiku, ziliisha mchana.

Baba hakupenda. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alifundisha jiografia kwa kutuimbisha: nchi, jimbo, territoire ambayo ni wilaya, makao makuu. Darasa zima lilipiga kelele mpaka kuku wa padri wakakimbia. Kwake mahali pasipo kwenye karte, ile ramani ya ukutani, hapakuwapo.

"Mama," alimwambia Koko, "uko namufundisha mutoto majina ya majiwe. Hii muji iko na jina. Serikali iliipatia jina."

"Serikali ilishalala hapa?" Koko akamjibu, akiendelea kuchambua sombe yake. "Mwenye kulala fasi ndiye anaipatia jina."

Baba akanyamaza, kwa sababu enzi zetu mtu mzima mwenye watoto bado alimnyamazia mama yake. Siku hizi mtoto wa darasa la pili anakujibu, "Nimeona kwenye simu, si hivyo." Haya.

Halafu vita vikafika kwetu, vile tulivyovizoea redioni. Ilikuwa asubuhi, chai iko motoni, na milio ya bunduki ilitoka upande wa kusini. Mama alibeba godoro, baba akambeba Koko ambaye goti lake halikuweza kukimbia, na mimi, msichana wa miaka kumi, nikapewa sufuria kichwani na mkono wa Riziki. "Usimuachilie," mama aliniambia. Tukaingia katika mto wa watu waliokuwa wakielekea bondeni, hadi ukingo wa mto Ruzizi, ambako mitumbwi ilikuwa michache na watu walikuwa wengi kupita kiasi.

Sufuria ilianza kuteleza. Niliachia mkono wa Riziki ili niishike kwa mikono miwili. Ni muda wa kusema neno moja tu. Nilipogeuka, mtu alikuwa amenyanyua watoto watatu au wanne, Riziki mmojawapo, na kuwatia kwenye mtumbwi uliokuwa unaondoka, na mtumbwi ukaenda. Sikusema. Nilimwacha mama agundue mwenyewe, na jambo hilo nimeliungama kwa padri mara nyingi kuliko dhambi zangu nyingine zote.

Tulipovuka, ng'ambo tulikaa kwa mdogo wake Koko. Baba alikwenda kwenye kambi ya wakimbizi, akaomba orodha ya watoto waliopotea. Alieleza kama mwalimu: Uvira, mtaa wa Rugenge, msichana, miaka mitano, Riziki. Walipekua. Akina Riziki walikuwa wengi, lakini hakuna aliyetoka Uvira. Alirudi tena, na tena. Mara ya tatu aliporudi alivua viatu nje, akavisahau hapo.

Na Riziki alikuwa humo humo kambini. Tulikuja kujua baadaye. Walimwuliza, "Unatoka kijiji gani?" Akasema Sahani Moja. "Territoire gani?" Sahani Moja. "Baba yako ni nani?" Papa. Neno Uvira hakulijua kama jina la kwao, kwa sababu nyumbani hakuna aliyelitaja. Anayekaa Uvira atalitaja kwa nani? Basi wakamwandika kwenye ukurasa wa vijiji visivyojulikana, na baba yangu hakuuliza ukurasa huo hata mara moja.

Milio ilipopungua tulirudi nyumbani bila yeye. Siku hiyo baba alisema lile alilokuwa amelizuia. Alisimama mlangoni, hakupandisha sauti. "Mama, kama ungelimufundisha jina ya muji tu. Jina moja tu."

 Toka siku hiyo Koko hakusema tena majina. Tulishuka ziwani tukapita Shusha kama watu wanaopita barabara yoyote, na nilitamani aniulize, nishindwe kwa makusudi, nibebe beseni hata mpaka Kamanyola kule mbali. Nilijua kosa halikuwa la majina. Lilikuwa la mkono wangu.

Sasa nimtaje Mama Espe. Alikuwa mkulima wa Nyakabere, kule bondeni, msemaji wa Kirundi, ambaye kabla ya vita alikuja kununua ndagala ziwani na kuzianika siku mbili tatu kwenye mawe makubwa ya kwetu Sahani Moja, kwa sababu jua la pale lilikuwa zuri na Koko hakumtoza kitu. Vita vilipomfukuza shambani alihamishia biashara yake kambini. Siku moja, kwenye mstari wa maji, alimsikia mtoto akiimba kidogo kidogo, "Mama Alikataa, akakaa chini, akataka mbuzi wa shangazi." Alituambia kwamba galoni lilimponyoka.

Alikwenda kwa wenye orodha. "Huyu mutoto minye najua kwabo. Niko naanikaka ndagala pale." Wakamwambia kijiji hicho hakiko kwenye karte yoyote, tena mtoto hapewi mchuuzi wa samaki. Basi Mama Espe akafunga kitenge, akavuka mto, akatembea, na siku ya pili yake akatokea nyumbani kwetu vumbi mpaka kwenye nyusi. Koko alikuwa amekaa nje.

"Koko, mutoto wenu iko muzima," akasema. "Iko anaimba."

Koko alishika ardhi kwa mikono miwili. Alilia bila sauti, na mimi nikakimbilia nyuma ya nyumba, kwa sababu furaha nyingine huwezi kuisimamia mbele za watu.

Kesho yake tulikwenda, baba, mimi na Mama Espe. Mwenye orodha alikuwa bwana mwenye miwani na mkali, na alikuwa na haki ya kuwa mkali: watu walikuwa wanakuja kudai watoto wasio wao. Alimweka Riziki chumba cha pili. Nilimwona kupitia mlangoni, nywele zimenyolewa, amevaa shati la mtu mzima. Tulikatazwa kumwita.

"Huyu mutoto alitupatia majina ya fasi za kwabo," yule bwana alimwambia baba, akigeuza karatasi tusiione. "Tuliandika yote. Kama weye ni baba yake, utaniambia. Toka chini mpaka kwenu, na unieleze juu ya nini zinaitwa vile."

 Nilimtazama baba, mwalimu wa nchi na majimbo, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akilitaja hata moja. Nikafungua mdomo nimsaidie na yule bwana akaninyamazisha kwa kidole.

Baba alikohoa. Akaangalia viatu vyake. Halafu akaanza, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuitumia darasani: "Shusha. Ni pale bamama banashushaka muzigo." Akaenda Mama Alikataa, akataja hata rangi ya yule mbuzi, jambo ambalo Koko hakuwahi kutuambia. Akaenda Radio Ilizimika, akamtaja fundi baiskeli. Katikati akaongeza mahali pawili ambapo mimi sikupajua kabisa, na yule bwana akasema hapo hapako kwenye karatasi.

"Hapako kwa sababu hizo majina zilikufaka zamani," baba akasema. "Mama yangu alikuwa ananibeba mugongoni, minye nikiwa mudogo kuliko huyu. Kila fasi alikuwa anasimama." Akanyoosha kidole kwenye karatasi ya yule bwana. "Na kwetu ni Sahani Moja," akamaliza. "Andika vile. Sahani Moja."

Mlango ukafunguliwa. Riziki hakukimbia kama wanavyokimbia watoto kwenye sinema. Alitembea mpaka kwangu, akanipa mkono wake, nikaushika. Sikuuachia hadi Uvira, hata aliposema unamuuma.

Nyumbani baba alimpigia mama yake magoti mbele ya nyumba zote nane. Hakusema mengi, na Koko hakuhitaji mengi. Alimshika kichwa, akamwambia tu aingie ale, chakula kinapoa. Mama Espe akakalishwa kwenye kiti cha baba, akapewa mukeke mkubwa kuliko wote, naye akalalamika kwamba sisi watu wa Uvira hatujui kukausha samaki.

Namshukuru Mungu kwa siku hiyo mpaka leo, na namshukuru nikijua jambo lingine. Jirani yetu, mama wa nyumba ya tatu, alikuwa na mwanawe aliyepotea kwenye ukingo ule ule. Mtoto huyo alikuwa wa kwanza darasani kwa baba. Alijua nchi, jimbo, territoire, na jina la baba yake na la babu yake. Hakurudi. Siku aliporudi Riziki, mama huyo ndiye aliyepiga vigelegele kabla ya wote, na ndiye aliyepika ugali. Sijui kwa nini sisi tulipewa naye akanyimwa. Sijifanyi kujua.

Leo mtaa wetu umepimwa. Una avenue na namba zilizopakwa kwa rangi nyekundu, na kijana akikukaribisha kwake anakutumia kidoti kwenye simu, ukifuate kama kondoo. Mwanangu alinitumia kidoti cha kwake kikanifikisha kwenye choo cha kanisa. Shusha sasa pana duka la vocha, na wenye duka hawajui kwamba palikuwa na jina. Koko ametutangulia. Baba naye, na mpaka anastaafu alianza kila mwaka wa shule kwa kuwauliza watoto majina ya kwao kabla ya kugusa karte.

Riziki ana watoto wanne na nyumba karibu na yangu. Na bado vita havijatuachia. Kila baada ya muda watu wanashuka kutoka bondeni na milimani, wanalala madarasani na makanisani, godoro kichwani, kama sisi. Wenye orodha wanapita wakiuliza watoto kijiji, territoire, jina kamili la baba. Ni kazi yao, nao wanachoka. Riziki hupita baada yao. Huchuchumaa mbele ya mtoto aliyekaa peke yake, humwuliza, "Kwenu munapaitaka namna gani?" Kisha hungoja. Enzi zetu hakuna aliyemngoja yeye. Nimemwona akingoja mpaka miguu inakufa ganzi, na mtoto hajasema kitu, naye hajanyanyuka.