Kaseti ya Baba

Je, mtu mwenye digrii anaweza kulipiza kisasi cha kaseti? Swali hilo lilininyima usingizi tangu nilipoona kwenye simu picha ya bendi ya Waingereza ya kwenye kaseti hiyo, wazee sasa, wamevaa suti nyeupe. Wiki hiyo hiyo binamu yangu Pascal aliniomba nisimamie muziki wa harusi yake, Morningside, mtaa wa wenye pesa.

Mchana ule wa utotoni, chumba chetu cha Point, mtaa wa bandarini, kilinuka mafuta ya nywele na samaki wa kukaanga. Kaseti ilikuwa ya marehemu baba: magita makali, mwimbaji akifoka. Baba alikuwa amevunja vijino vya plastiki vya juu ya kaseti ili isirekodiwe tena. Pascal aliziba matundu kwa plasta, akarekodi kwaya ya kanisani juu yake.

"Kaka Pascal, hiyo ni ya papa!" nililia; ndivyo tulivyomwita baba.

"Papa iko mbinguni, dada. Kule hawachezi hii makelele. Eish, unalilia wazungu?"

Baadaye redio ya saluni ya jirani ilipiga bendi ile ile, sasa ni vinanda na mapenzi matamu. Niliamini kwaya ya Pascal imewalainisha hadi kwao Uingereza. Leo najua walikuwa wamegeukia pop zamani, kwa hiari yao. Baba alipenda ile hasira yao ya mwanzo tu.

Wimbo wa kwanza wa kaseti niliupata mtandaoni. Jumamosi Pascal aliingia ukumbini na bibi harusi, akingoja wimbo wa kwaya. Nilibonyeza. Magita yalinguruma, mwimbaji akafoka. Pascal alinigeukia, akanipungia mkono nizime.

Nikaongeza sauti.