Gamba la Kukulia

Kwetu Nyakisasa mtoto hanunuliwi kitu kinachomtosha. Sweta langu la kidato cha kwanza lilinifika magotini, na viatu nilivijaza magazeti mpaka nikawa natembea na habari za nchi nzima miguuni. Mama akiulizwa, anajibu, "Atakua navyo." Sikujua kwamba angeufanyia hivyohivyo mgongo wangu.

Mgongo ulianza kupinda nikiwa darasa la saba, kama barabara inayokwepa shamba la mkubwa. Tukaenda hospitali ya mbali, nikatengenezewa gamba la plastiki ngumu la kunibana kuanzia kwapani hadi nyonga, mikanda yake ikifungwa nyuma. Daktari akanipiga picha ya mifupa nikiwa nimelivaa, akaitazama, akatabasamu.

"Mgongo wako bado laini, binti. Ukiwa ndani ya hili umenyooka vizuri, na bado una muda wa kukua. Ukilivaa usiku na mchana, nategemea utakwepa kisu."

Kisu maana yake kupasuliwa mgongo na kuwekewa vyuma. Nikalivaa. Nililala nalo, nikapalilia nalo maharage. Shuleni wakaniita kobe. Siku moja mwalimu wa zamu alinichapa fimbo ya mgongoni, ikalia ko! Nikamwambia, "Karibu ndani, mwalimu." Aliniongezea za mikononi, lakini darasa lilicheka mpaka mapumziko.

Hospitalini gamba lilikuwa limenibana hadi nikashindwa kucheka. Nyumbani likawa pole. Nikajisifu kwamba mwili umezoea.

Mwaka huu tulirudi kupimwa. Daktari aliweka picha ya zamani na mpya kwenye ubao wa taa. Mgongo ulikuwa umepinda zaidi. Akanigeukia.

"Hulivai."

"Nalivaa, daktari. Hata kunguni wamekata tamaa."

"Unaona? Utani. Ile picha ya ndani ya gamba iliniambia litafanya kazi. Mgongo ukinyooka vile halafu gamba likashindwa, mara nyingi liko chini ya kitanda."

Nikamtazama mama. Analala chumba kimoja na mimi, analisikia gamba likigonga ukuta kila nikijigeuza. Nikangoja aseme neno moja tu. Akashika pindo la kitenge chake.

"Huyu mtoto ni mtundu, daktari. Hata shuleni wanamlalamikia."

Nilicheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania.

Daktari akaniambia nilivae mbele yake. Akapitisha mkono kati ya gamba na mbavu, ukaingia wote. Akanigeuza, akainama kuitazama mikanda.

"Nani amesogeza vifungo?"

Kando ya kila kifungo palikuwa na matundu yaliyozibwa kwa gundi. Nilikuwa nayasugua kwa sabuni kila nikiliosha, nikidhani gamba limezaliwa nayo.

Mama akaongea akiangalia sakafu. Siku ile ya kwanza, tukisubiri gari Nyakanazi, aliniacha na sahani ya wali, akalipeleka gamba kwa fundi viatu. "Lilikuwa linamtosha kabisa, daktari. Na mtoto anakua. Nikasema lisije likamkataa kabla hajamaliza kidato cha nne."

"Lilitakiwa limbane, mama."

Vifungo vikarudishwa, nikapigwa picha tena nikiwa ndani. Daktari aliitazama muda mrefu. Safari hii hakutabasamu.

"Mgongo umeanza kukakamaa. Haunyooki kama mwanzo, na mifupa yako inakaribia kumaliza kukua. Tutajaribu, lakini sasa siwezi kukuahidi kitu."

Njiani mama alininunulia mahindi ya kuchoma, yakapoa mapajani mwangu. Aliniomba radhi kuhusu vifungo, akarudia tena tulipofika nyumbani. Kuhusu utundu wangu hakusema kitu. Angeweza kunyamaza tu pale hospitalini. Hata kunyamaza kungenitosha.

Asubuhi nilijaribu kulifunga mwenyewe. Mikono haifiki nyuma, na mwenye mikono ni yeye. Akaja.

"Geuka, mwanangu."

Nikageuka.

"Kaza," nikamwambia.

Akavuta mpaka pumzi ikanikata.

"Imetosha?"

"Kamuulize daktari," nikasema. "Mimi si mtundu?"