Uroho wa Panya Namba Kumi na Saba

Mama Panya alikuwa mnene tangu utotoni, na tangu utotoni watu walimpa ushauri bila kuombwa. Jina alilipata kazini, maana kwa miaka tisa alitunza panya kwenye maabara ya chuo: alibadilisha maranda ya vizimba, akawapima mmoja mmoja kwenye mizani, akaandika kila gramu daftarini. Daktari, mkuu wa maabara, aliliamini daftari hilo kuliko wasaidizi wake wenye shahada.

Kipenzi cha Mama Panya alikuwa Namba Kumi na Saba, bonge la panya aliyejikunyata kizimbani kama soksi zilizoviringishwa. Alilishwa sawasawa na nduguye mwembamba, gramu kwa gramu. Nduguye akabaki vilevile. Yeye akazidi kunenepa. Daktari alipenda kuwaonyesha wageni panya huyo. Mafuta ya mwili, aliwaeleza, hutoa homoni ya kuuambia ubongo kwamba akiba ipo. Huyu hana homoni hiyo, basi ubongo wake unaamini anakufa njaa. Unamtuma ale, na akinyimwa unabana matumizi: mwili unapoa, miguu inagoma.

"Msimlaumu maskini," alimalizia, akimpapasa mgongo kwa kidole. "Huu si uroho." Mama Panya akayaandika hayo daftarini, maana yalimpendeza.

Kisha chuo kikaunda Kamati ya Afya Bora, mwenyekiti akiwa Daktari huyohuyo. Mfanyakazi mnene alitakiwa kupunguza kilo kumi kwa miezi mitatu, la sivyo mkataba wake usingeongezwa. Mama Panya akatafuna majani mpaka taya zikachoka, akapanda ngazi mpaka magoti yakalalamika. Kilo tatu zikatoka, mbili zikarudi. Nyumbani, mdogo wake akaanza kuhesabu vipande vya mkate kabatini.

"Dada, mbona wenzako wanaweza?"

Hilo lilimuuma kuliko magoti.

Siku ya kikao alipanda mizani mbele ya watu watano. Daktari akavua miwani. "Mama, tatizo lako ni nidhamu. Funga mdomo, tembea."

Mama Panya akaweka daftari mezani. "Soma ukurasa wa panya Namba Kumi na Saba, Daktari. Maneno ni yako, mimi niliyaandika tu."

Daktari akasoma kimyakimya, akakohoa. "Lakini mama, huyu ni panya."

"Najua. Ndiyo maana ulimtetea."

Wajumbe wakainamia karatasi zao. Mkataba haukuongezwa. Mama Panya akapewa wiki mbili za kukabidhi kazi, pamoja na kijikaratasi cha faida za kutembea.

Wiki hizo hizo Kumi na Saba alianza kuchomwa sindano za ile homoni aliyoikosa. Siku ya mwisho Mama Panya alimpima, machozi yakimlengalenga, akaandika kwa mwandiko wake safi: "Amepungua gramu sita. Anakula kidogo, anakimbia. Hajahubiriwa hata mara moja."