Mchumba Aliyetuandikia Dharura

Posa ya mdogo wangu ilipoletwa, mama hakusema ndiyo wala hapana. Alisema kijana aje kwanza atupimie nyumba.

Kijana alikuwa mkadiriaji wa majenzi. Alikaa ofisini Chake Chake akikisia jengo litagharimu nini kabla halijajengwa. Mama kazi hiyo hakuielewa, na asichokielewa hukitilia shaka. Nyumba yetu ya Chokocho ni ya vyumba viwili, aliyoiacha marehemu baba, na kwa muda mrefu tulitaka kuiongezea chumba na choo cha ndani. Mimi nasomesha Wawi, na mlipaji ningekuwa mimi. Kwa hiyo shaka haikuwa ya mama peke yake.

Alikuja Jumamosi asubuhi, shati limepigwa pasi. Akamwamkia mama kwa adabu, akaomba chai imngoje mpaka amalize. Alipima upande wa nyuma wote, kisha akaanza kuuliza. Gari la mchanga huishia wapi? Kutoka hapo mchanga huletwa na gari la ng'ombe au hubebwa kichwani? Maji ya kisima yana chumvi? Mvua ikinyesha, maji hupita wapi? Mama alimjibu akinitazama mimi.

Alipokwenda zake, mama alisema, "Kaja kutupeleleza yule. Chumba na maji ya mvua wapi na wapi?"

Makadirio yake yalipokuja nilimsomea mama uani. Mdogo wangu alikuwa kando yetu juu ya mbuzi, anakuna nazi. Saruji, nondo, kokoto na bati mama aliyapokea bila neno. Tatizo lilianza tulipofika chini.

"Upotevu," nilisoma.

"Upotevu wa nini?"

"Wa vifaa. Saruji inayomwagika, matofali yanayovunjika."

"Havijanunuliwa, vishapotea?"

Nikaendelea. "Dharura."

"Ya nani?"

"Hakuandika ya nani. Ni fedha za kuweka kando."

"Basi liko jambo analolijua litatufika, na hatwambii."

Kisha nikafika kwenye faida. Hapo hata mimi nilisita kabla ya kuitamka. Mama akazungusha kanga begani. "Nke anataka kwetu," alisema, "na faida anataka kwetu."

Mdogo wangu hakuinua kichwa. Nazi iliendelea kukunwa.

Tulimwita kijana aje atueleze. Alikaa kwenye kiti cha barazani, mikono magotini, akaeleza taratibu. Faida si yake, ni ya yeyote atakayepewa kazi, maana hakuna fundi anayejenga kwa thawabu. Dharura ni ya yale yasiyoonekana mpaka uchimbe. Isipotumika, inabaki kwetu.

"Isipotumika," mama alirudia.

"Ndiyo, mama. Na haya ni makadirio. Si bei."

"Kama si bei, ni nini?"

"Ni bei tunayoitarajia. Bei yenyewe mtapatana na fundi."

Alizidi kujiharibia. Moyoni nilijiambia kwamba mtu asemaye hiki ni kile na si kile ana anachokificha. Nikafikiri pia kwamba amejua mlipaji ni mwalimu mwenye mshahara wa kila mwezi, akajipimia. Nilimshukuru, na alipoondoka nikamtafuta fundi mwingine.

Huyo alitoka Kengeja, mtu mzima mcheshi. Hakupima. Alizunguka nyumba mara moja, akapiga ukuta kwa kiganja, akataja bei kama anayetaja bei ya kitoweo. Ilikuwa chini mno ya makadirio. Mama alinitazama kwa macho ya ushindi. "Unaona?" alisema. "Huyu hana upotevu wala dharura."

Tukapatana naye siku ile ile.

Msingi ulipochimbwa, upande mmoja ulikuwa tifutifu, palipopita maji ya mvua. Ikabidi wachimbe zaidi na kujaza mawe. Fundi akaja kunitaka fedha za mawe. Nikamwambia tulishapatana. Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, tulipatana ufundi. Vifaa ni vyako." Nikakumbuka maneno yetu, na kweli hakuna aliyetaja vifaa. Kila mmoja alikuwa amesikia alichotaka kusikia.

Tulikwenda hivyo, nakopa huku nalipa kule. Gari la mchanga liliishia barabarani, na gari la ng'ombe likataka chake. Saruji iliyowekwa jikoni ilipata unyevu, nyingine ikaganda ndani ya mifuko. Kuta zilipofika usawa wa linta, juu ya milango na madirisha, fundi alikusanya vyombo vyake akaenda kujenga kwa mwingine. Alisema tukipata fedha tumpigie simu.

Mama hakukubali kwamba ilikuwa bahati mbaya. "Yule kijana kamjua huyu fundi," aliniambia. "Wamepanga, ili turudi kwake tumpigie magoti." Ninakiri maneno yale yaliniingia. Nilimuuliza fundi kwa simu kama anamfahamu mkadiriaji fulani wa Chake Chake. Akauliza mkadiriaji ndiye nani.

Jioni moja, tunakula mihogo, mama alianza tena habari ya faida. Mdogo wangu, ambaye siku zote hizo hakuwa amesema lolote, akaweka tonge chini.

"Mimi ndiye niliyemwambia aiandike."

Tukamgeukia.

"Alitaka kuiondoa. Alitaka aondoe na dharura, apunguze kila kitu, mfurahi mumkubali. Nikamwambia akifanya hivyo asije tena. Aandike kama anavyowaandikia watu baki."

"Kwa nini?" niliuliza.

"Nilitaka nione kama anaweza kuniambia jambo nisilolipenda. Akitupunguzia leo, dada, kesho atanikumbusha kwamba alitupunguzia."

Mama alichukua kipande kingine cha muhogo. Ijumaa iliyofuata alimpigia simu baba mdogo, akamwambia posa ijibiwe.

Walioana, na wageni wakalala ndani ya kuta zile, tumezifunika kwa turubai. Mwaka uliofuata tulimaliza, tukifuata karatasi yake tangu linta mpaka bati. Alikuwa akija kutazama kazi, akiuliza, akirekebisha. Hata mara moja hakusema kwamba alituambia.

Siku alipokwisha kukagua choo akaaga, mama alimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona.

"Mbona yeye hatucheki?" aliniuliza.

"Pengine ni tabia yake, mama."

"Ntu mwenye haki ya kucheka asicheke," alisema, "nnamwogopa."

Akaingia ndani kumfungia muhogo na ndizi za kupeleka kwake, akanituma nimkimbilie kabla hajapata gari.