Koti Nililolirudisha Ufaransa

Cheka kwanza, ukimaliza nitaendelea. Kila mtu hapa mtaani Lucky Summer amenicheka, pasta wangu akiwa wa kwanza, na sijabadilisha hata neno moja. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, macho yangu yakiwa wazi, na sikuwa nimeonja chochote ila mkate na maji. Wanaonijua watakuambia mimi si mtu wa kuota ota. Nimeuza makoti ya mitumba soko la Gikomba miaka ishirini, na mtu wa makoti akianza kuota anauziwa belo, furushi zima, la matambara.

Mtoto wangu ni mmoja tu, Wanja. Alienda Ufaransa miaka saba iliyopita. Anafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawashika mkono wakiogopa. Baba yake alipofariki hakuja kumzika. Karatasi zake za kukaa huko zilikuwa hazijatoka, na angeondoka hangeweza kuingia tena. Nilijua hivyo. Lakini siku ile nilisimama kaburini bila mtoto, na nilibaki na donge moyoni ambalo sikumwambia mtu.

Karatasi zilipotoka, kitu cha kwanza alichofanya ni kunitumia tikiti. "Mathe, kuja tutembee na treni," akaniambia kwa simu. Ilikuwa safari ya kikundi, siku tisa, kutoka kijiji hadi kijiji huko mashambani Ufaransa, na kuna mtu anayewaongoza. Anawapandisha, anawashusha, anawaonyesha pa kula na pa kulala. Kazi yenu ni kutazama dirishani. Mimi, nikae nikitazama dirisha siku tisa, na mzigo wangu Gikomba nani atauangalia? Lakini ni Wanja aliyeita. Nikafunga kibanda nikaenda.

Sasa sikia kosa langu. Mimi Ulaya naijua kwa belo, na belo langu ni la makoti. Miaka ishirini nafungua makoti ya sufu, makoti ya manyoya, makoti ya theluji. Wewe ungefikiria nini? Nilijua kule watu wanaganda mwaka mzima. Kwa hivyo nikavaa koti langu la kijivu, zito, la sufu. Lilikuwa kamera, ndivyo tunavyoita zile nguo safi kabisa unazochagua belo likikatwa, na niliipenda rangi yake nikakataa kuliuza. Nikatua nalo mwezi wa saba. Woi! Joto la kukaanga yai kwa lami. Wanja alinikumbatia, akanitazama, akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku langu.

"Mathe, hiyo koti utavua saa ngapi?"

Nililivua, lakini nikawa nalibeba mkononi kila mahali. Koti kama lile unaliachaje hotelini?

Na ile nchi ni nzuri, sitaficha. Treni zao za vijijini ni fupi, mabehewa mawili matatu, zinapita polepole katikati ya mashamba ya alizeti. Unaona ng'ombe weupe wamelala, unaona vijiji vya mawe vyenye kanisa katikati, unaona mama anaanika nguo. Kila nilipoona kamba ya nguo nilisimama. Nilimwonyesha Wanja shati la mistari nikamwambia, "Lile litatufikia Gikomba baada ya miaka miwili." Hawa watu niliwapenda mara moja, kwa sababu nilikuwa nikiwajua tangu zamani. Najua nani alikuwa mnene akakonda, najua nani alimshonea mtoto vifungo kwa haraka. Ni sura zao tu ndizo sikuwa nimeziona.

Kiongozi wetu alikuwa dada mmoja mwembamba anaitwa Margo, mpole, mwenye kofia ya majani. Tatizo lake lilikuwa moja, alipenda kutuhesabu. Kila tukipanda treni, anatunyooshea kidole, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na wanne. Kwetu watu hawahesabiwi kwa kidole, ni mkosi, hata mbuzi tunawaonea huruma. Nilinung'unika, Wanja akanifinya ninyamaze.

Siku ya tano asubuhi, tukiwa kwenye chai, Wanja akanishika mkono. "Mathe, kuna kitu nataka kukuambia, na usikasirike." Akaniambia amepata mtu, fundi wa mabomba, mtu mzuri. Watafunga ndoa. Watakaa huko. Atakuwa akija Nairobi kunisalimia, lakini kurudi kuishi, hapana.

Na mimi, Mungu anisamehe, lile donge likapanda likanijaa kinywani. Nikamwambia, "Baba yako hukumzika. Na mimi siku nikizikwa, usije. Nakwambia mimi mama yako, usikanyage. Kaa hapa ule mkate."

Alifunika uso kwa kitambaa cha meza. Mimi nikanywa chai yangu yote, nikaweka kikombe chini, nikanyanyuka. Hivyo ndivyo nilivyokuwa siku ile.

Mchana tukapanda treni. Margo akatuhesabu, akasita, akahesabu tena. Akasema kitu kwa Kifaransa, na mzee mmoja wa kikundi chetu akacheka akamjibu. Wanja, pamoja na hasira yake, akanitafsiria kwa sauti ndogo: "Anasema leo tuko kumi na watano." Margo akatikisa kichwa akaketi. Wanja akageukia dirisha, na kwa kuwa alikuwa amelia asubuhi nzima, akalala.

Hapo ndipo nikamwona. Kiti cha mbele yetu, kinachotutazama, alikuwa ameketi shosho mmoja wa Kizungu, ajuza mdogo wa mwili, nywele nyeupe zimefungwa nyuma. Sikumwona akipanda. Alivaa gauni jepesi la maua, na alikuwa akitetemeka. Niamini ninapokuambia, joto lilikuwa la kumtoa mtu jasho kwenye kope, na yule shosho alikuwa anatetemeka meno yakigongana, midomo ya samawati. Na alikuwa anatazama koti.

Wewe ungefanya nini? Sikuwaza. Mtu mzima anasikia baridi mbele yangu, nami nina koti mkononi. Nikasimama nikamvisha kama ninavyomvisha mteja, mkono huu, mkono ule, nikamvutia kola. Likamkaa! Mabega pale pale, mikono pale pale. Mimi najua koti likikaa. Kisha akapitisha vidole chini ya bitana, upande wa kushoto, bila kuangalia, akaingiza mkono katika kifuko kidogo kilichoshonwa humo ndani. Koti hilo nilikuwa nimelivaa misimu miwili ya baridi. Kazi yangu ni kupekua mifuko. Sikuwahi kujua kama kifuko kile kipo.

Koti lilikuwa lake. Nilijua. Si unajua sisi wa Gikomba tunavyotaniana, kwamba tunawavua marehemu wa watu? Sasa mwenyewe alikuwa mbele yangu, anapata joto, ananitabasamia.

Akaanza kuzungumza. Mimi Kifaransa changu ni salamu tu, usiniulize nilielewaje. Nilielewa. Alisema ana binti mmoja. Waligombana kwa sababu ya mwanamume, binti akahama. Na yeye kwa hasira alimwambia asije kumzika.

Nikamuuliza kwa Kiswahili, "Akafanya nini?"

Akanijibu, "Hakuja. Alikuwa mtoto mtiifu."

Hakulia. Aliyasema hayo vile mama yeyote anavyomsifu mtoto wake. Kisha akaeleza kwamba wageni ndio walioingia nyumbani kwake, wakatia nguo zake zote katika mifuko zikapelekwa kuuzwa, na yeye akabaki na hili gauni moja, na baridi. Akaushika mkono wangu wa kushoto. Ngai! Mkono wake ulikuwa na baridi ya chuma cha friji, baridi ya kuuma mpaka kwenye kiwiko. Sikuuvuta wangu. Moyo wangu ulikuwa umemwonea huruma kuliko ulivyomwogopa. Akamwelekezea kidevu Wanja, aliyekuwa amelala pale macho yamevimba, kisha akanitazama mimi.

Treni ikapunguza mwendo. Tukasimama kwenye stesheni ndogo, nyasi zimeota hadi magotini, madirisha yamezibwa kwa mbao. Akafunga vifungo vyote hadi shingoni, akashuka taratibu, akanipungia. Nilitazama kama kuna mtu amekuja kumpokea. Hakuna. Treni ikaondoka.

Nilimtikisa Wanja kama nyumba inaungua. "Amka! Amka mwanangu!" Akaruka, akidhani naugua. Nikatema mate kidogo viganjani, nikampaka kifuani na kwenye paji la uso, vile nyanya yangu alivyotubariki, mbele ya Wazungu wote, wacha wakodoe macho. Nikamwambia, "Lile neno nimelirudisha. Nimelimeza. Nikifa uje. Uje na huyo fundi wako. Ukichelewa watakungoja, nitawaambia wasinifukie bila wewe. Na kuhusu baba yako, hukukosa. Sikia, hukukosa."

Wanja alitazama mate, akanitazama mimi. "Mathe, yaani umenitemea mate kwa treni?" Kisha akacheka, na katikati ya kicheko akaanguka kifuani mwangu akalia kama alipokuwa wa miaka mitano. Tulilia sote. Margo alituletea maji.

Tulipotulia, Wanja akauliza, "Na koti iko wapi?" Tukatafuta chini ya viti, kwenye rafu za mizigo, behewa zima. Nikamwambia Margo kuna mama ameshuka nalo kwenye ile stesheni ya nyasi. Wanja akatafsiri, na nikaona rangi ya Margo ikibadilika. Alisema ile stesheni ilifungwa akiwa bado mtoto, na treni yetu haikuwa imesimama popote kwa saa nzima. Akatuhesabu tena. Tulikuwa kumi na wanne.

Wanja alifunga ndoa mwezi wa kumi na mbili, hapa hapa kwetu, na yule fundi akarekebisha mabomba ya ploti nzima tunayoishi kabla ya kurudi kwao. Ni mtoto mzuri, nampenda. Mimi nimerudi Gikomba, na mkono wangu wa kushoto mpaka leo haujapata joto. Daktari ameupima, hakuona kitu. Wateja wakishika chenji yangu wanashtuka. Pasta anataka kuuombea, nimemkatalia. Siumwi. Siku nyingine nikifungua belo nauegemeza juu ya makoti, namkumbuka yule shosho, naomba kwamba popote alipo amepata joto.

Lakini wewe unayenisikiliza, shika hili moja. Najua kuna siku ulikasirika, au utakasirika, ukamwambia mtoto wako asikuzike. Neno hilo tunalisema kirahisi, tunalisema tukiwa na kikombe mkononi. Kama ulimwambia, mpigie leo ulirudishe, hata kama yeye ndiye aliyekosa. Kila siku tunalalamika kwamba watoto wetu hawasikii. Wanasikia.