Boti ya mume wangu haifai kubeba watu, na Jumamosi inabeba harusi

Admin, nifichie jina na uiweke hii leo leo, maana muda umeniishia. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, naishi Kasulu, nina watoto watatu. Kwetu ni Kumsenga, kule Kibondo. Nauza kwenye duka la dawa. Mume wangu asili yake ni Tanga, alikuja huku na biashara ya vifaa vya ujenzi, tukakutana, tukaoana. Sijaja hapa kumsema vibaya. Ni mtu mwema kwangu na kwa ndugu zangu, na ndiyo maana nimechanganyikiwa hivi.

Miaka miwili iliyopita alinunua boti ya mwendo kasi Kigoma, imetumika, kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Si zile za injini ya kuning'iniza nyuma ambazo kila fundi wa ziwani anazijua. Hii injini yake imekaa ndani kama ya gari, halafu kwa nyuma kuna mguu unaoshuka majini kuzungusha panga la kuisukuma boti. Kukimbia inakimbia kweli. Siku ya kwanza alinipandisha nikapiga kelele kama mtoto, naye anacheka, "Mama Swaumu, hii ndiyo itakayotutoa."

Hakuna aliyetuambia kwamba huo mguu unakula hela. Una oili yake peke yake, una gia zake, una mipira ya kuzuia maji, na kila baada ya muda lazima ufunguliwe vitu vibadilishwe. Kigoma spea hakuna. Ukipiga Dar wanakwambia subiri iagizwe nje. Mwaka wa kwanza maji yaliingia kwenye gia zikasagika. Tukauza pikapu. Fundi akaletwa kutoka Mwanza, nauli yetu, chakula chetu, kulala kwetu. Ikafanya kazi kidogo, kikaharibika kitu kingine hukohuko kwenye mguu. Tukauza kiwanja cha Kabanga. Mguu mpya bei yake ilizidi tuliyonunulia boti nzima! Mwisho akaweka rehani nyumba tunayokaa. Nami nilisaini, nikiamini ndiyo mara ya mwisho.

Anayeendesha boti ni mdogo wangu wa kiume. Mume wangu ndiye aliyemtoa shambani, akamlipia mafunzo, akamsaidia mpaka mahari. Wiki iliyopita nilimpelekea unga na maharage huko Kigoma. Nikamkuta anachota maji ndani ya boti kwa ndoo, na boti imefungwa tu pale, haijaenda popote. Nikamuuliza kama ni mvua. Akaniita nyuma akanionyesha pale mguu unapotokea. Mpira umechanika. Wameuzungushia tyubu ya baiskeli, wakapaka gundi, wakakaza kwa waya.

"Hii ikifunguka tukiwa katikati, dada, maji yanaingia moja kwa moja. Na pampu ya kuyatoa ni mbovu."

"Shemeji yako anajua?"

"Gundi kanunua yeye."

Jumamosi hii boti imekodiwa kupeleka wageni wa harusi kijiji kimoja cha mwambao, watu wazima na watoto wao. Nilirudi Kasulu nikamkabili mume wangu. Nilidhani atabisha. Hakubisha.

"Safari moja tu, Mama Swaumu. Nikimaliza hii naagiza mpira na pampu. Nikirudisha hela ya watu, nyumba inaondoka."

Akakaa kitandani akalia. Tangu tuoane sijawahi kumwona akilia. Nikajikuta nimemshika bega namwambia yataisha. Nilipotoka uani ndipo nikajiuliza, hivi nimembembeleza ili akafanye nini?

Nikampigia mdogo wangu, nikamwambia kataa kuendesha.

"Nikikataa atachukua mwingine asiyejua hata pa kuangalia maji yakianza kuingia," akanijibu. "Bora niwe mimi."

Mama yetu hana mtoto mwingine wa kiume.

Jana nikatafuta namba ya baba mdogo wa bibi harusi, nikampigia bila kusema mimi ni nani. Nikamweleza kwamba boti ni mbovu, watafute nyingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Nyie wenye maboti mengine ndiyo mnavyotafuta wateja siku hizi? Sisi tumeshalipa." Akakata. Kumbe namba yangu akamtumia mume wangu. Jioni mume wangu akaja nyumbani. Hakunipiga, hakunitukana. Alisema tu, "Ni wewe," akachukua begi, akaenda Kigoma. Tangu hapo simu yangu hapokei. Ya mdogo wangu nayo haipatikani.

Kilichobaki ni kwenda kwa wanaosimamia vyombo vya majini. Nikienda, boti itashikwa, na atakayekutwa nayo mikononi ni mdogo wangu, kwa hiyo naye atashikwa. Hela ya harusi itarudishwa, nyumba itauzwa, na ndoa sidhani kama itakuwepo. Mama mkwe ameshanipigia kutoka Tanga akaniambia mke hamchomi mumewe. Nisipoenda, nitakaa hapa dukani siku nzima ya Jumamosi nikisubiri simu iite, nikiogopa isiite, nikiogopa ikiita.

Tafadhali msiniandikie niombe Mungu tu. Naomba, tangu juzi sijaacha. Leo ni Alhamisi. Kesho jioni ofisi zinafungwa, keshokutwa asubuhi wale watoto wanavalishwa nguo zao mpya na kupandishwa mle. Mwenye mume, mwenye kaka, mwenye mtoto, nijibuni hapo chini: mngekuwa mimi, mngeweza kwenda kumshtaki baba wa watoto wenu?