Kanda za Jazi za Mama Mkwe

Miaka yote ya ndoa yangu, mama mkwe hakunisemesha zaidi ya "lete chumvi" na "funga mlango."

Siku theluji ilipotufungia ndani, akafungua kinywa.

Tulikuwa shambani, Saskatchewan, Kanada. Nyumba ya jirani huioni hata ukipanda juu ya paa.

Mume wangu, Wendell, hakuwahi kuninyanyulia mkono. Niseme ukweli. Ila akitoka, anatoka na funguo za gari. Simu yangu ilipokufa akaniuliza, "Nyingine ya nini, Lorna? Unataka kumpigia nani?"

Na mama yake, Mama Olha, nilijua ndiye aliyewekwa kunichunga nisitoke.

Faraja yangu ilikuwa moja tu: mwimbaji Maren Tolley. Gitaa na ile sauti. Albamu zake za mwanzo nilizijua neno kwa neno. Zile za baadaye, za jazi, sikuzigusa. Mashabiki tulikuwa tunasema dada kapotea, kaingiza saksafoni kaharibu kila kitu.

Basi dhoruba ikaja. Wendell akakwama mjini. Theluji ikapanda mpaka madirishani, mlango hausogei. Mimi na Mama Olha jikoni, tunakunja pirohi, kama sambusa za viazi ila za kuchemsha, kila mtu na lake.

Nikaweka kanda ya Maren.

"Zima," akasema.

"Mama, ni wimbo tu."

"Huo ni wa msichana anayesubiri kuolewa. Wewe yameshakukuta."

Akaenda chumbani kwake, akarudi na kanda mbili. Za jazi.

Mwanzoni sikuambulia kitu. Besi inazunguka huko, ngoma zinakwaruza, Maren anaingia kachelewa, kama mtu anayepima neno kabla ya kulitoa. Nikangoja wimbo urudi pale ulipoanzia.

Haukurudi. Uliondoka zake.

Nikajikuta nimekaa sakafuni, unga mikononi, machozi yanatiririka.

"Kumbe haya yote yalikuwepo," nikasema, "na mimi nayakimbia."

"Hata mimi nilichelewa," akasema. "Nilizisikia sanduku langu la safari limeshafungwa, liko mlangoni. Baba yake Wendell alikuwa hivi hivi. Nikasema nimalize upande wa pili wa kanda ndio niondoke. Akarudi."

"Ukafanyaje?"

"Nikapika."

Nikajua ananiambia nivumilie kama yeye. Nikarudi kukunja pirohi.

Greda lilipokuja kusukuma theluji barabarani mpaka mlangoni kwetu, Mama Olha akatoa ufunguo mfukoni mwa aproni.

"Pikapu ya marehemu mume wangu iko bandani. Betri nimeweka mpya tangu kiangazi. Nenda, kabla hajafika."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungemwambia. Ulikuwa bado unamtetea, hata mezani."

"Basi twende wote, mama."

"Yule ni mwanangu. Acha nimwambie mwenyewe kwamba umeenda."

Nikanyoosha mkono nichukue zile kanda. Akanichapa kidogo vidoleni.

"Hizi zangu. Nunua zako."

Nikaendesha mpaka mji wa Regina kwa dada yangu, redio ya gari imekufa.

Kanda nilizinunua. Mama Olha hupiga simu Jumapili, tunazungumza mpaka anasinzia.

Ndugu zangu, watu waliniambia Maren kapotea, nikaamini bila kusikiliza. Mama mkwe nilimhukumu mwenyewe, sikumuuliza hata swali moja. Ulizeni. Huyo mnayemwogopa mezani pengine anangoja mumuulize tu.